Kipande cha Mkaa Juu ya Changu

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kwetu Bagamoyo, nilikuwa na fahari moja tu: nilijua kukaanga samaki. Wenzangu walijua kusuka ukili na kuimba, mimi nilijua kaango. Nilijisifu mpaka bibi mzaa mama, tuliyekuwa tukikaa naye, akanikataza kutaja neno samaki mbele ya wageni.

Ilikuwa miaka michache kabla ya mizinga ya Wajerumani kuupiga mji wetu. Siku moja mama mdogo Tatu, mdogo wake mama, akatuma salamu kwamba ana hamu ya samaki changu wa kukaanga, tena aliyetoka baharini asubuhi hiyo hiyo. Alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza baada ya miaka sita ya kungoja, na mumewe alikuwa bara na msafara wa pembe za ndovu. Mama alikuwa shamba. Kazi ikaniangukia mimi, nami nikaona siku yangu imefika.

Nikawapara changu wawili, nikawachanja mbavuni, nikawasugua chumvi, bizari na ndimu, nikawaacha wakolee. Mafuta ya nazi niliyangoja yanyamaze, maana yakiwa bado yanapiga kelele yana maji ndani, na samaki atashika kaango. Kisha nikawalaza, nikakaa mbali. Ujuzi wote uko hapo, katika kutowagusa. Nilipowageuza ngozi ilikuwa nzima, imeiva vizuri, hata mikia haikukatika.

Bibi akawapanga kwenye sahani. Akachukua kipande cha mkaa baridi pembeni mwa jiko, akakiweka juu yao. Kwetu chakula chenye harufu hakitoki nje bila mkaa, hasa jua likiwa utosini, kwa kuwa majini huifuata harufu, na mwenye mimba ndiye wanayemtaka zaidi.

"Bibi, utawachafua!"

"Wachafuke. Usikiondoe mpaka ufike kwa mama yako mdogo. Na ukipita gofuni, usisimame."

Gofu lilikuwa nyumba ya mawe iliyobomoka, katikati ya kwetu na kwa mama mdogo, na kila mtoto wa mtaa alijua kwamba lina wenyewe, majini. Nilisimama pale pale. Mkaa ulikuwa umeteleza na kuacha mstari mweusi juu ya changu wa juu, mzuri kuliko mwenzake, na nilikasirika kweli kweli. Nikakitupa kile kipande nyuma ya ukuta, nikamfuta samaki kwa upindo wa nguo yangu, nikaendelea na safari.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Lete, lete upesi."

Alikula wote wawili kwa haraka, bila mkate, bila kuniangalia. Nilisimama nikingoja sifa. Alichosema ni kwamba bado wa moto, basi. Nilirudi nyumbani nimenuna.

Alfajiri ya pili yake nikaamshwa na kilio cha bibi. Mama mdogo alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na mtoto hakulia.

"Mkaa ulifika nao?" bibi akaniuliza, amenishika mabega.

"Nilifika nao, bibi."

Uongo ule ulinitoka mwepesi, na tangu hapo sikujua kutulia. Niliingia chumbani nikatoka, nikateka maji yasiyohitajiwa, nikafagia ua mara mbili. Adhuhuri nikakimbilia gofuni kutafuta kile kipande. Akili yangu ya kitoto iliniambia kwamba nikikirudisha mahali pake, huenda na mambo mengine yakarudi. Lakini watu walikuwa wakitupa majivu yao pale, na vipande vya mkaa vilikuwa vingi. Nikaviokota vyote, nikavimwaga kizingitini kwa mama mdogo, nikakimbia. Wanawake waliokuja msibani wakaviona, wakaanza kunong'ona juu ya uchawi, na jirani mmoja asiye na kosa lolote akaangaliwa vibaya kwa miezi kadhaa. Hilo nalo nililinyamazia.

Nilikua, nikaolewa. Kila mimba yangu niliibeba kwa hofu, nikiamka kila siku nikidhani leo ndipo nitakapolipizwa. Nilizaa wanne, wote wazima, na bado sikuamini kwamba nimesamehewa. Kaango lenyewe nililichukia. Mume wangu alidhani sipendi samaki.

Bibi alikuwa ameshafariki siku nilipopata ujasiri. Mama mdogo alikuwa mzee, nami nilikuwa nikimsuka nywele, kwa hiyo sikulazimika kumtazama usoni. Nikamweleza yote, gofu, mkaa, uongo, kizingiti.

"Mtoto alikuwa amenyamaza tangu Ijumaa," akasema. "Wewe ulikuja Jumatatu. Siku tatu hachezi tumboni."

"Mbona hukumwambia bibi?"

"Ningesema, ingekuwa kweli." Akavuta pumzi. "Nikaona nile kitu cha moto, chenye ndimu na chumvi kali. Nilidhani atashtuka, anipige japo teke moja."

Miaka yote ile nilikuwa nimeamini kwamba nikilitua lile neno nitapumua. Sikupumua. Niliuacha msuko katikati. Sijui hata leo kama majini hufuata harufu, na sithubutu kuwabishia wazee wangu. Ninalojua ni kwamba nilisimama pembeni ya sahani ile nikiona samaki wangu tu. Nililia kichwani kwake, na sikulilia kosa langu tena. Nilimlilia yeye, aliyekaa siku tatu peke yake akilisikiliza tumbo lake, na mimi miaka yote nikajifanya mwenye msiba.