Mashine mbili zilizogoma kuzimika Kiseke, na herufi iliyoniumbua

Wakuu, salaam. Walio wadogo kwangu, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Ninayoandika hapa sijayatia chumvi. Niliyekuwa naye yupo hai na humu huwa anapita.

Mwaka 1982, nikiwa na miaka kumi na tatu, baba alifariki kule Magu. Nikaacha shule darasa la nne, nikashika jembe la pamba.

Redio nilijifunza kwa kuzifungua. Darasa la kompyuta sijakaa hata siku moja, na nilijivunia hilo kuliko lilivyostahili.

Ruka mpaka 1999. Matangazo ya TV yameshamiri, kompyuta za mtumba zinaingia. Nikafungua chumba Kiseke pamoja na Nyangeta, binti wa Kijita kutoka Bunda, form four, amesomea uchapaji. Tunatengeneza matangazo ya picha za kuchora zinazotembea.

Kazi ile mashine moja haiiwezi. Tulikuwa na sita, zimeunganishwa kwa nyaya, kila moja inachora vipande vyake, siku mbili mfululizo.

Nyangeta ndiye aliyezipanga. Akazipa majina ndani ya network, akayabandika na juu kwa vikaratasi: MAGU, KISEKE, ILEMELA, BUNDA, SENGEREMA, UKEREWE.

Skrini ilikuwa moja tu, ya mashine kuu. Umeme ukikatika, betri zinashikilia dakika kama kumi, na ndani ya hizo unazizima zote kwa network, kwa utaratibu. Ikifa ghafla, vipande vyake vinaharibika.

Orodha ya majina ambayo amri ya kuzima inayafuata niliiandika mimi. Nyangeta aliitaka, nikamwambia hiyo ni kazi ya fundi.

Umeme ukakatika. Nne zikazimika. Sengerema na Ukerewe zikabaki zinanguruma mpaka betri zikaisha. Tangazo la sabuni likaharibika.

Wiki hiyohiyo, tena. Mwenye sabuni akasema safari ya tatu kazi anaipeleka Dar. Na mteja mkubwa tulikuwa naye huyo tu.

Nikaanza kutafuta tatizo. Waya wa Magu nikauchomeka Sengerema. Wapi. Nikabadilisha kadi za network. Wapi. Password ni ileile.

Nikitoa amri, kidirisha cheusi kinatokea na Kiingereza chake, kinapotea kabla sijasoma. Hata kingekaa, nisingekielewa. Hilo sikumwambia mtu.

Hapo ndipo nilipokosea, wakuu. Mwenye sabuni alikuja kuangalia, nami mbele yake nikamwambia Nyangeta amezifunga zile mbili makusudi, aninyang'anye mteja akafungue ofisi yake.

Akachukua pochi. Alipofika mlangoni akageuka.

"Kaka, kabla sijaondoka. Hiyo isiyozimika inaitwaje?"

"Si Sengelema."

"Na nyingine?"

"Ukelewe."

Akarudi, akabandua vikaratasi viwili, akavibandika kwenye skrini kando ya orodha yangu.

"Sasa soma kwa macho. Mdomo uache upumzike."

Nikasoma. Nilikuwa nimeandika kama tunavyoongea Wasukuma. SENGELEMA. UKELEWE. Siku zote amri ilikuwa inapiga hodi kwenye nyumba ambayo haijajengwa. Ilemela ilitii muda wote, maana kwenye jina hilo L iko kwao.

Nikasahihisha, nikatoa amri. Zikanyamaza moja moja, zote. Feni ya mwisho ilipokata nikasikia kuku wa jirani.

Mimi samahani kwa mtu niliyemzidi miaka sita sikuwahi kuitoa, na siku ile nayo ilikwama. Nikasimama, mwenye sabuni akisikia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Haya, Msukuma, nipishe hapo niiandike mimi."

Akaweka pochi chini.

Ninachosema ni hiki: kitu kikikataa kukutii, kabla hujatafuta mchawi, hakikisha unakiita kwa jina lake. Kutojua Kiingereza hakukuniharibia kazi. Kuficha kwamba sikijui ndiko kulikoniharibia, na kidogo kunipotezee mtu.

Wenye visa vya namna hii vimwageni hapa. Mkikuta L na R zimepishana kwenye maandishi yangu, sahihisheni tu, siumi tena.

Nilivyo navyo leo:

Nyumba Kiseke, imekwisha.
Kiwanja Ilemela, mawe matupu, sijajenga.
Shamba la mpunga Magu na ng'ombe kumi na mmoja.
Nusu ya ofisi. Nusu nyingine ni ya Nyangeta, kwa maandishi, na aliyaandika yeye.
Kikaratasi cha SENGEREMA. Kimefifia, ila R inasomeka.