Bakuli la Kwale

Nikipita Kariakoo kwenye magunia ya dagaa, ile harufu ya chumvi na jua hunirudisha kwenye gorofa letu la Mchafukoge, na mkono wangu huenda wenyewe mfukoni kutafuta nyoya.

Juu yetu alipanga Bi Somoe, mfanyabiashara kutoka Lindi. Bibi yangu hakumwamini hata kidogo. Mtu gani anaanika vitu vyeusi juu ya paa, kisha anavifunika? Nikatumwa nikachungulie, nikarudi na habari: ndoo nzima ya majongoo ya bahari, makavu, magumu kama soli za viatu. Bibi akanikataza kupanda tena.

Nikapanda. Nani angeweza kukaa chini? Bi Somoe akanishikisha jongoo mmoja, akasema hayo ni ya kuuza tu, wanunuzi wake wako mbali. Pembeni, chini ya tenga, alikuwepo kwale aliyeletewa na kaka yake. Niliwalinganisha kwa muda mrefu: mmoja hana mguu wala uso, mwenzake ana jicho kali na mabawa asiyoyatumia mpaka akose pa kukimbilia.

"Wote wanaishi chini hawa," alisema Bi Somoe. "Ila jongoo ukimtisha anatapika mpaka utumbo. Kwale ananyamaza, anajibana, anaomba usimwone."

Muuza kahawa wa chini akaitwa, akamchinja kwale mbele yangu. Niliondoka na nyoya moja mfukoni.

Siku hizo Bibi alikuwa ndiyo kwanza anatoka kwenye homa, chakula hakimpiti. Jioni Bi Somoe akabisha hodi na bakuli.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea kwale wa nazi, upate nguvu."

"Marahaba, mwanangu. Ahsante sana."

Mlango ulipofungwa, Bibi alifunua, akanusa, akakunja uso. "Kwale na mjini wapi na wapi? Haya si yale madudu yake?" Akanigeukia. "Wewe uliyaona. Ndiyo haya?"

Nikisema ni kwale, ataniuliza nimejuaje, na fimbo ilikuwa nyuma ya mlango. Nikanyamaza. Mchuzi wakala paka.

Bibi ndiye aliyenifundisha kwamba bakuli la jirani halirudi tupu, tia hata ndimu. Siku ile alinipa tupu, nikalipeleka. Bi Somoe alitazama ndani, kisha akanitazama mimi.

"Amekula?"

"Amekula."

Akalipokea bakuli, akafunga mlango. Hakubisha tena mlangoni kwetu, na Bibi alikufa akiamini kwamba jirani alitaka kumlisha wadudu.

Kwa miaka nilimlaumu Bibi na dhana zake mbaya. Sasa nina majirani wangu mwenyewe, na nimeelewa. Bibi alikosea kwa kutojua. Mimi nilijua, nikajibana, nikaomba nisionekane. Bi Somoe aliniona.