Neno "Tunahama"

Aliyenionyesha kwanza uzito wa neno hili ni mama mmoja Mkongo, ndani ya basi la kwenda mtaa wa Handsworth, huku ughaibuni. Alikuwa amewapeleka watoto wake kwenye bustani ya michezo iliyo mbali na nyumbani, likizo ya siku nne. Hoteli ilikuwa na nafasi ya siku mbili tu, kwa hiyo katikati ya likizo iliwabidi wahamie nyingine.

"Nikawaambia, 'Fungeni mabegi, tunahama.' Wee dada, binti yangu yule anayenijibu Kiingereza siku zote akaniuliza kwa Kiswahili: 'Mama, banatufukuza tena?'"

Alicheka, lakini mkono wake ulikuwa umekaza mkanda wa mkoba.

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba kule kuna bwawa la kuogelea. Hakuamini mpaka alipoliona."

Kumbe wapo wanaolipia kuhama, na wapo waliohamishwa bure, bila kuulizwa, mpaka wakachoka.

Wiki hiyo nami nilikuwa nimemwambia binti yangu neno hilohilo. Tulikuwa tunatoka mtaa wa Great Barr, ambako sikuwa na hata jirani wa kumuaga. Alianza kufunga begi lake, nikadhani ameelewa.

Kesho yake asubuhi nilimpeleka mtaa wa Castle Vale kwenye nyumba yetu mpya, nikampa ufunguo wake mwenyewe, nikamwambia hapa hakuna anayetufukuza. Alifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena, nami nikamngoja.