Ombi la Mama Ratiba

Mafundi ndio walioanza kumwita Mama Ratiba, na jina hilo likamganda mpaka wateja nao wakawa hawajui jingine. Kazi yake ilikuwa kupokea simu na kuamua fundi yupi aende wapi. Kampuni yao ilitengeneza mafriji na vyumba vya baridi, vya mabucha, vya maduka ya dawa, vya hoteli, na mafriji ya watu majumbani. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi: meza tatu, feni iliyolalamika ikizunguka, na ubao mweupe ukutani ambao mama huyo aliuandika na kuufuta kwa kiganja kwa miaka kumi na tisa.

Mji mzima alikuwa nao kichwani. Alijua bucha lipi lina mlango wa nyuma usiofungwa. Alijua mwenye hoteli ya ghorofa nne hufoka kwanza, halafu huleta chai. Alijua kuna bibi mmoja, nyumba yenye geti la kijani, ambaye masikio yake yamechoka, hivyo fundi asijisumbue kubisha hodi, apige honi. Mteja akisema friji yake haigandishi, Mama Ratiba aliuliza mawili matatu, kisha akamwambia fundi, "Anza na huyu." Alikosea mara chache sana, na siku aliyokosea alikuwa wa kwanza kusema.

Kisha mzee mwenye kampuni akapumzika, na binti yake akashika usukani. Bosi huyu mpya hakuwa mtu mbaya. Alikuja na mawazo mengi, na mojawapo lilikuwa programu ya kuendeshea kazi za mafundi. Kila fundi angepata orodha yake ya siku kwenye simu, angebonyeza akifika kwa mteja, angepiga picha alichotengeneza, na mteja angetia sahihi kwa kidole.

"Mama, hii itakupunguzia mzigo," bosi alisema.

Katika sentensi yote hiyo Mama Ratiba alisikia neno moja tu, kupunguza. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, elimu ya darasa la saba na cheti cha kupiga chapa. Alijua wenye umri wake wakimwaga unga huwa hawauokoti kirahisi. Ubao ukashushwa wiki ileile, na matundu ya misumari yakabaki ukutani yakimtazama.

Lakini alikuwa mtu wa haki, hata kwa mashine. Baada ya mwezi alikiri kwamba programu ilikuwa na mema yake. Fundi hakurudi tena kuuliza friji fulani liliwekwa kompresa ya aina gani mwaka juzi, maana yote yalikuwa humo. Shida ilikuwa moja. Programu ilipanga kazi kwa ukaribu. Aliye karibu na fundi alihudumiwa kwanza, wa mbali akasubiri, basi. Na bosi alikuwa ameshaagiza kwamba orodha isiguswe, wajaribu kwanza.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, muuguzi wa zahanati ya pembezoni mwa mji alipiga simu. Friji la chanjo lilikuwa limeacha kupoza na joto lilikuwa linapanda. Mama Ratiba aliiingiza kazi ile, na programu ikampa Fundi Baridi, fundi mkongwe kuliko wote, ikiwa namba sita. Mbele yake kulikuwa na kazi tano, zikiwamo za duka la soda, saluni, na ofisi moja ambayo mashine yake ya maji ya kunywa ilitoa maji ya uvuguvugu.

Alikaa anaitazama ile namba sita. Kisha akapiga moyo konde, akamwita fundi.

"Uko wapi?"

"Kwenye maji ya kunywa. Ndio nafungua hapa."

"Funga. Nenda zahanati."

"Dada, programu inasema zahanati ni ya sita."

"Programu haijawahi kubeba mtoto kumpeleka sindano. Nenda."

Fundi Baridi akaenda. Kilichoungua kilikuwa kifaa kidogo tu cha kuwashia kompresa, akakibadilisha kwa dakika arobaini. Muuguzi alikuwa hodari, alikuwa ameshazihamishia chanjo kwenye makasha yenye barafu, na hakuna hata moja iliyoharibika. Mambo yakaisha vizuri.

Yakaisha vizuri kila mahali isipokuwa ndani ya programu. Huko ilionekana kwamba Fundi Baridi alitoroka kazi, akavuka mji bila ruhusa, akawachelewesha wateja watano. Ripoti ikamfikia bosi kesho yake, na bosi akamwita Mama Ratiba. Mama akaenda akiwa amejiandaa kwa lolote. Akaeleza tangu mwanzo, bila kutia chumvi.

Bosi alisikiliza mpaka mwisho. "Sasa kwa nini haikujua kwamba hii ni ya haraka?"

"Haikuniuliza, mwanangu. Inauliza jina, simu na mahali. Basi."

Bosi akakuna kidevu. Ruhusa ya kuigusa orodha akaitoa palepale, kwa dharura kama ile. Kisha akasema, "Kuna ukurasa humo ndani ambapo anayetumia anaweza kuomba kitu kiongezwe. Waandikie wewe. Ukiniachia mimi, nitaandika nisichokijua."

Mama Ratiba hakuwa na mazoea ya kuwaandikia watu asiowajua. Alizungukazunguka siku mbili, halafu akaandika mstari mmoja: Wekeni alama nyekundu kwa kazi za haraka. Akajibiwa na mashine kwamba ombi lake limepokelewa, ni namba mia nane na kumi na mbili, na kwamba watumiaji wa kampuni nyingine wanaweza kulipigia kura. Baada ya wiki tatu lilikuwa na kura tisa, na sita kati ya hizo zilikuwa za mafundi wa humohumo ofisini. Ombi la kwanza kwenye orodha lilikuwa na kura mia nne na kitu. Lilitaka skrini iweze kuwa nyeusi.

"Watu wanataka rangi," Fundi Baridi alisema akipangusa mikono. "Achana nao."

Hakuachana nao. Siku hiyo, wenzake walipotoka kwenda kula, alibaki mezani, akavuta kompyuta karibu na kuanza kuandika chini ya ombi lake. Safari hii hakuomba kitu. Alisimulia. Alieleza Alhamisi ile kama anavyomweleza jirani: muuguzi alisema nini, yeye aliona nini kwenye skrini, alivyomwondoa fundi kwenye maji ya kunywa. Vidole vya mpiga chapa havikuwa vimesahau kitu, na wenzake waliporudi alikuwa amejaza ukurasa mzima na nusu. Akatuma bila kusoma tena, kwa sababu alijua akisoma atafuta.

Siku nne baadaye simu ya ofisi ikalia. Ilikuwa sauti ya msichana.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mmoja wa wanaotengeneza ile programu mnayotumia. Naomba kuongea na aliyeandika habari za friji la chanjo."

"Marahaba. Ndiye mimi," alisema. Alidhani amevunja sheria.

"Nimeisoma mara tatu. Nina maombi zaidi ya mia nane hapa, na karibu yote yananiambia niweke kitufe gani. Lako ndilo pekee lililoniambia kilichotokea. Nina swali. Unajuaje kazi ipi haiwezi kusubiri?"

Mama Ratiba akageuka kutazama matundu ya misumari ukutani. "Najua tu," alisema mwishowe.

Yule binti hakucheka. "Basi naomba nije nikae na wewe siku moja."

Akaja Jumatatu, msichana mwembamba mwenye miwani na begi mgongoni. Akavuta kiti, akakaa kando ya Mama Ratiba, anasikiliza simu zinavyoingia. Ya kwanza ilikuwa ya mwenye bucha, anafoka mpaka sauti inasikika chumba kizima: aletewe fundi sasa hivi, la sivyo anahamia kampuni nyingine. Mama Ratiba akamwuliza ndani kuna nini. Kulikuwa na mapaja mawili ya ng'ombe, yameganda kama jiwe.

"Usifungue mlango, baba. Yatafika jioni bila neno. Fundi anakuja saa nane."

Baadaye akapiga dada mmoja, sauti ya chini, anaomba radhi kwa kusumbua. Friji lake limezima tangu jana, lakini wakipata nafasi tu, hata kesho.

"Ndani kuna nini, dada?"

"Vitu vya kawaida tu. Mboga, na dawa ya sukari ya baba."

"Ile ya sindano?"

"Ndiyo."

"Ifunge kwenye kitambaa chenye maji, uiweke kivulini. Fundi anakuja kwako sasa."

Binti wa programu akaacha kuandika. Akamtazama mama, kisha simu, kisha mama. "Huyu aliyefoka umempa saa nane, na huyu aliyeomba radhi umempa sasa."

"Kelele si kipimo. Nauliza ndani kuna nini, nani anakitegemea, na kinaweza kukaa hadi lini. Hilo la mwisho ndilo ninalolitaka." Alikuwa amelijibu lile swali la kwenye simu bila kujua.

"Mama, ile alama nyekundu uliyoomba, kampuni moja tulishawawekea. Unajua kilichotokea? Ndani ya mwezi kazi zote zilikuwa nyekundu."

Mama Ratiba akacheka mpaka akashika mbavu. Alimwona akilini mwenye bucha akidai nyekundu yake. "Basi ifute. Nimekosea. Weka swali moja tu: Kinaweza kusubiri hadi saa ngapi?"

Miezi miwili baadaye wakaletewa toleo la majaribio. Mama Ratiba, akiwa na furaha kama mtu aliyenunua viatu vipya, aliingiza kazi ya kwanza asubuhi saa nne. Duka la dawa, linaweza kusubiri hadi saa nane mchana. Akaandika nane. Simu za mafundi wote zikalia kwa pamoja, mji mzima, kwa mlio ambao hawajawahi kuusikia. Fundi Baridi alikuwa juu ya ngazi na nusura ashuke bila kuitumia. Mashine ilikuwa imeelewa ile nane kuwa saa mbili asubuhi, ikaona muda umepita zamani, ikatangaza dharura.

Alimpigia binti wa programu, akamweleza.

"Aibu iliyoje," binti alisema. "Mimi mwenyewe nyumbani nasema saa nane mchana. Nikikaa kwenye kompyuta nasahau."

"Usijali. Achana na saa. Waambie mafundi tu muda uliobaki."

Ikawa hivyo. Kila kazi ikaonyesha muda uliobaki, ukipungua, na programu ikapanga njia ya fundi kwa kuangalia ukaribu na muda vyote viwili. Pale mama alipoona imekosea, aliweza kuihamisha kazi kwa kidole, nayo ilimwuliza sababu badala ya kumshtaki fundi. Wiki ya pili bosi alikuja kusimama nyuma ya kiti chake, akatazama skrini, kisha akavuta kiti.

"Nataka kufungua tawi upande wa pili wa mji," alisema. "Nitaajiri wapokea simu wawili. Naomba wakae na wewe miezi mitatu kabla hawajagusa simu. Na wale wa programu wamekuomba siku moja kila mwezi, wanataka uwaangalizie mambo kabla hayajatoka. Nimewaambia uamuzi ni wako."

Mama Ratiba hakuringa na hakujivunga. Alisema ndiyo kwa yote mawili, kisha akaenda chooni akasimama dakika mbili mbele ya kioo, anajitazama.

Swali lake likafika kwenye simu za kampuni nyingine, za watu wa lifti, wa jenereta, wa pampu za maji. Asubuhi moja alikuta ujumbe chini ya ombi namba mia nane na kumi na mbili, kutoka kwa mpokea simu wa mji asioujua. Mwanamke huyo alisema wanatengeneza mashine za kusaidia wagonjwa kupumua majumbani, na kwamba tangu swali lile liwekwe hajabishana tena na skrini. Mwisho aliuliza kama kuna mwingine anayesumbuliwa na wateja wasio na anwani, wa nyumba zisizo na namba, na kama wanaweza kuliandika ombi hilo pamoja.

Mama Ratiba akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Akaandika: Niambie kwanza, mara ya mwisho ilikuwaje?