Mtoto wa Kwanza wa Balwant

Utotoni, watoto wa Subukia walimwita Chepkurui Mhindi, kwa ajili ya pua yake na nywele zake zilizokataa kusukwa, naye akawarushia mawe. Mama yake, Jepkosgei, alimwandikisha kwa jina la mjomba wake, akafunga mdomo. Alikuja kuufungua akiwa mgonjwa kitandani, Chepkurui mwenyewe akiwa na wajukuu. Baba yako, akamwambia, ni Balwant, yule fundi Kalasinga aliyekuwa akija kutengeneza kinu cha kusagia mahindi.

Wengine wangelia. Chepkurui alikasirika. Baada ya mazishi alivaa sweta yake nzuri, akaenda Nakuru kutafuta duka la Balwant.

Balwant alikwisha kufa. Dukani, kati ya pampu na mikanda ya mashine, alikaa binti yake, Manju. Alimtazama mgeni, akavua miwani, akaifuta, akamtazama tena.

"Uko na macho ya Daddy," akasema. "Ingia huku nyuma, mama. Tukunywe chai."

Huko nyuma ndiko taabu ilikoanzia. Mwaka mzima walipendana nyuma ya duka. Manju alimwonyesha picha za baba yao, akampa shali, wakacheka mpaka machozi. Lakini mteja akiingia na kuuliza, jibu lilikuwa moja: "Huyu ananiletea maziwa kutoka Subukia." Na maziwa kweli alileta, kwa hiyo uongo wenyewe haukuwa na pa kuushikia! Chepkurui hakutaka duka wala shamba. Alitaka aitwe dada mbele ya watu, basi. Akajiapia kwamba akisikia tena habari ya maziwa, harudi.

Jumapili moja Manju alimwalika kwenye hekalu la Makalasinga. Walikaa sakafuni, vichwa vimefunikwa, wakapewa chapati na dengu. Chepkurui alijaa furaha, akadhani sasa amekubaliwa, mpaka alipoona dereva wa lori aliyetoka zake barabarani akipewa chapati vilevile. Kumbe pale hulishwa yeyote anayeingia. Moyo ukamshuka.

Mlangoni walikutana na Tejal, jirani wa Manju.

"Aunty, na huyu? Ni mfanyakazi wako?"

Chepkurui hakungoja habari ya maziwa, akageuka kutafuta viatu vyake. Iliuma, na aliona haya kwamba inauma hivyo kwa mtu wa umri wake.

Ghafla Manju akainama mpaka chini. Chepkurui, ambaye hata akikasirika hawezi kumwacha mtu ahangaike peke yake, akainama naye.

"Umeangusha nini? Ni herini?"

Vichwa vikagongana.

"Simama, wewe!" Manju akasema, akicheka huku analia. "Nataka kushika miguu yako. Kwetu mkubwa anasalimiwa hivi." Kisha akamgeukia Tejal, kwa sauti iliyofika hadi jikoni: "Ni dada yangu. Daddy alimzaa kabla yangu mimi."

Akainama tena. Safari hii Chepkurui alisimama wima. Hakujua mkubwa wa Kikalasinga hujibu vipi. Alijua tu wanavyofanya wazee wa kwao mtoto anapowainamishia kichwa. Akaweka kiganja juu ya kichwa cha mdogo wake, akakiacha hapo.

Manju alipoinuka, Tejal alivuta shali lake vizuri, akasogea mbele, akainama yeye pia.