Sisi Wote Tulioitwa Hulda

Juzi nilipita ule upande wa Mlima Meru nilikozaliwa, nikaona kibao kwenye lango la shamba la kahawa. Nikakisoma mwenyewe, maana herufi nimezijua ukubwani, kwenye darasa la jioni kanisani. HULDA. Jina langu. Nikakaa hapo hapo njiani na mzigo wangu wa kuni.

Sikiliza, mwenzangu. Kabla ya Mjerumani hakukuwa na shamba pale. Palikuwa na boma letu, migomba, na mfereji uliopita nyuma ya nyumba ukiimba usiku kucha. Nililelewa na bibi yangu, sisi tulimwita koko. Asubuhi nazoa mavi ya ng'ombe, nafungulia ndama, ndipo koko ananipa loshoro, ndizi na mahindi vimepondwa na maziwa ya mgando, na ndani yake ule moshi wa mti aliofukizia kibuyu. Mpaka leo nikisikia harufu ya moshi ule, njaa inaniuma.

Akaja Mjerumani na mke wake, na mkokoteni wa maksai. Akajenga nyumba juu kilimani, akapiga vigingi. Jumbe akatuambia mteremko wote sasa ni wa yule bwana, tukishavuna tuondoke. Mke wake aliitwa Hulda, na shamba akaliita hivyo hivyo.

Kwetu, ukimpa mtoto jina la mtu umefunga undugu. Wajina wako ni mzazi wako, hawezi kuivunja nyumba unayolala. Basi koko, ambaye hata kanisani hajawahi kuingia, akanishika mkono mpaka kwa mwalimu wa misheni: huyu abatizwe Hulda.

Mwalimu alifurahi mno. "Hulda! Nabii mwanamke, yumo kwenye Biblia!"

"Huyo simjui," koko akasema. "Mimi nataka yule wa kilimani."

Huyo nabii nimemsoma ukubwani. Mfalme alituma watu kumuuliza, naye akawajibu kwamba mahali pale pataangamia.

Jirani yetu alicheka akashika mbavu. "We mama, hata ng'ombe wao wa maziwa anaitwa Hulda. Naye mjukuu wako?"

"Basi tutakuwa wengi," koko akajibu.

Tukampelekea yule bibi wa Kijerumani kondoo mnono. Mpishi wake akamweleza jina langu. Akapiga makofi, akanivalisha gauni jeupe, akanipa donge la sukari. Koko alirudi nyumbani anaimba. Kondoo amepokelewa, kwake yalikwisha.

Baada ya mavuno wakaja askari na watu wenye mapanga. Koko akanivika lile gauni, akanisukuma. "Nenda kwa wajina wako. Mwambie wewe ni nani."

Nikapanda mpaka barazani kwake. "Mimi Hulda," nikasema. Lugha yao nilikuwa siijui. Yule bibi akatabasamu, akaniita jina, akanipa tena sukari. Nikamwonyesha kwa kidole kule chini. Akatazama, akanipapasa kichwa. Sikuona ubaya usoni mwake, hata kidogo. Nyuma yangu nasikia migomba inaanguka, ule mlio wake wa majimaji, na sukari inayeyuka mdomoni.

Nikarudi. "Amekuitikia?" koko akauliza.

"Ameniitikia, koko."

Koko akaanza kung'oa mafiga.

Tukahamia Oldonyo Sambu, upande mkavu wa mlima. Migomba tuliyopanda haikushika. Mfereji wetu waliugeuza, boma hata mahali lilipokuwa hupajui, na ladha ya ndizi zile hakuna tena anayeikumbuka ila mimi. Vita vikaja vikawaondoa yule Mjerumani na mke wake, wala sijui walikofia.

Koko mpaka anakufa hakuniruhusu nimseme vibaya yule mke wa Mjerumani. "Wajina hasemwi," ndiyo kauli yake, nami nimeishika. Jioni nikipiga magoti nawaombea watu mmoja mmoja kwa majina yao. Nikifika kwa wajina wangu nalitaja jina, ambalo ndilo langu, halafu nakwama. Sijui nimwombee nini.