Masjala Bila Kipanya

Hospitalini walimwita Bi Mashine, na halikuwa tusi. Jina alilipata enzi za mashine za chapa, alipokuwa na vidole vilivyokimbia kuliko mdomo wa daktari aliyemsomea barua. Mashine zilipotupwa stoo, yeye alihamishiwa masjala: chumba cha chini chenye rafu kumi na nne za mafaili ya wagonjwa, dirisha moja lisilofunguka, na kompyuta aliyoifunika kitambaa cha kufuma kila jioni kama mtoto anayelazwa. Kazi yake ilikuwa kuhamisha kadi elfu kumi na nane kutoka kwenye makaratasi hadi kwenye jedwali la kompyuta: namba, jina, tarehe ya kuzaliwa, wodi, rafu. Kwa mwendo wake wa kushika kipanya, kukisukuma, kubofya, kukiacha, kuandika, kisha kukitafuta tena, alijua atastaafu zikiwa zimebaki elfu tisa.

Jumatatu moja asubuhi kipanya kikagoma. Mshale ulisimama kwenye kona ya kioo, haupandi, haushuki. Alikigonga kwenye kiganja, akakipulizia, akachomoa waya na kuurudisha. Wapi! Akamwandikia afisa ugavi barua fupi, kwa mwandiko wake mzuri: "Kipanya cha masjala kimekufa tangu asubuhi. Naomba kingine."

Alhamisi wakaja wanaume wawili wa idara ya usafi, wamevaa glavu na barakoa, mikononi ndoo na dawa.

"Mama, yuko wapi?"

"Nani?"

"Marehemu."

Bi Mashine akawaonyesha kile kitu juu ya meza. Wakakitazama, wakatazamana. Mkubwa wao akasema barua imewafikia ikiwa na muhuri, hawezi kurudi na ripoti tupu. Akanyunyiza dawa nyuma ya rafu zote, akamsainisha. Alipofika mlangoni akageuka.

"Ila mama, ofisini tulijiuliza sana. Huyo mwingine ulimtaka wa nini?"

Kwenye barua ya pili aliandika "kifaa cha kuongozea mshale wa kompyuta", na hiyo ikaeleweka vizuri mno. Afisa ugavi akajibu kwamba kifaa kipya hakitoki mpaka fundi athibitishe cha zamani kimekufa; fundi hathibitishi kifaa kisicho na namba ya usajili; na kile hakikuwahi kusajiliwa, maana kiliingia hospitalini ndani ya boksi la kompyuta, kama mtoto mgongoni. Suala lingepelekwa kwenye kikao cha robo ijayo ya mwaka.

Fundi wa kompyuta alipita siku moja kutoa pole. Macho yalikuwa kwenye simu yake, anaitafutia mtandao.

"Huku chini wifi vipi?"

"Hatuongei," akajibu Bi Mashine.

Ilichukua muda fundi kugundua kwamba yeye anauliza mawimbi na mwenzake anajibu ukoo. Lakini jibu lilikuwa la kweli. Wifi yake, dada wa mumewe, alifanya kazi hospitali hiyo hiyo, ghorofa ya juu, kwenye chumba cha simu. Alikuwa haoni tangu utotoni. Miaka mitatu nyuma, ndugu walipokusanyika nyumbani, wifi alikuwa jikoni anakata vitunguu, vyembamba kama karatasi, Bi Mashine akaingia na kumnyang'anya kisu mbele za watu. "Kaa upumzike, wifi, utajikata." Alisema kwa nia njema kabisa. Tangu siku hiyo, sauti ya wifi aliisikia kwenye simu tu: "Masjala, simu yako," kisha mlio.

"Basi nenda kwake," fundi akasema. "Yule hana kipanya na hajawahi kuomba. Kompyuta inamsomea kwa sauti, naye anaandika simu zote kwenye jedwali kama hili lako."

Bi Mashine alikaa na maneno hayo wiki mbili nzima. Kiburi kilimshika shati. Kadi nazo zikarundikana mezani hadi zikaziba dirisha. Mwishowe akapanda ngazi.

"Karibu, masjala," wifi akasema kabla ya salamu. Alikuwa na vipokea sauti masikioni na vidole juu ya kibodi.

"Umenijuaje?"

"Viatu vyako vinalalamika kila ngazi. Una shida gani?"

"Kipanya kimekufa."

"Nimesikia. Poleni na msiba."

"Wifi, nimekuja unifundishe."

"Nikufundishe? Si nitajikata?"

"Nilikosea, wifi."

Mwenzake akaipokea simu moja, akaielekeza maabara, ndipo akarudi kwake.

"Ulikosea kweli. Vuta kiti. Halafu zima kioo."

"Nikizima kioo nitaonaje?"

"Ndiyo kwanza tunaanza."

Wakaanza hivyo, gizani kwa mmoja na kawaida kwa mwingine. Kitufe cha Kontroli na cha mshale wa chini, unaruka hadi mwisho wa orodha. "Usishuke mstari kwa mstari kama mtu anayetafuta sarafu iliyodondoka," wifi alisema. Kontroli na D, kilichoandikwa juu kinashuka chini. Kama wodi ni ile ile, huna haja ya kuiandika mara arobaini. Kontroli na nukta-mkato, tarehe ya leo inajiandika yenyewe. F2, unaingia ndani ya seli na kurekebisha herufi moja bila kulifuta jina zima la mtu.

"Na nikiharibu?"

"Kontroli na Z. Inarudisha kila kitu kilivyokuwa." Wifi akaigonga Z kwa ukucha. "Jikoni haipo hiyo."

Bi Mashine akacheka kwanza, mwenzake akafuata, wakacheka hadi taa tatu za simu zikawa zinawaka kwa pamoja.

Akawa anapanda kila saa ya chai. Vidole vilivyowahi kukimbia kwenye mashine ya chapa vilikumbuka kwamba vina miguu. Mwezi wa pili alimaliza kadi mia mbili kwa siku, mwezi wa tatu mia nne. Mwezi wa tano kadi ya mwisho iliingia saa nne asubuhi. Akasevu, akakunja mikono, akatulia. Hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Mkuu wa masjala alikaa upande wa pili wa kabati, na kwa miaka yote alikuwa akiwasimamia watu kwa masikio. Kubofya kukisikika, kazi inaendelea.

"Siku hizi sikusikii ukibofya," alisema.

"Sibofyi, mkuu."

"Basi unafanya nini?"

"Nimemaliza."

Neno hilo hakuwahi kulisikia masjala. Akaandika ripoti kwamba mtumishi amekataa kubofya na anashinda amekunja mikono. Mkurugenzi akashuka mwenyewe, nyuma yake afisa utumishi na bahasha yenye barua ya onyo iliyokwisha kuchapwa.

"Nitafutie mgonjwa mmoja," mkurugenzi akasema, akaanza kutaja jina.

Kontroli na F. Kabla hajamaliza jina la baba, kadi ilikuwa kwenye kioo.

"Wodi ya watoto ina kadi ngapi?"

Kontroli, Shifti na L, mishale miwili, Enta. "Elfu mbili mia moja na tatu."

Mkurugenzi akatazama meza, akainama akatazama hadi chini yake. "Kipanya chako kiko wapi?"

"Kinasubiri kikao, bosi."

Bahasha ikarudi ghorofani bila kufunguliwa. Lakini mkurugenzi alikuwa mtu wa kujifunza haraka, na alijifunza kwa namna yake. Jumatatu ukabandikwa waraka: kwa kuwa ufanisi wa masjala umeongezeka baada ya kuondolewa kipanya, vipanya vyote vya hospitali vikusanywe na kurejeshwa stoo kabla ya saa tatu.

Vikakusanywa hamsini na kimoja, vimefungana mikia ndani ya boksi. Kufika adhuhuri, maabara walikuwa wamechapa ukurasa mmoja mara mia mbili, mpanga zamu alikuwa anazima kompyuta na kuiwasha akitumaini itamhurumia, na mkuu wa masjala mwenyewe alikuwa ameketi mbele ya kioo chake, kidole kimoja hewani, kama anayeomba ruhusa ya kutoka. Kantini, mpishi alimmiminia Bi Mashine chai nusu kikombe.

"Ndiyo hiyo hiyo," akamwambia. "Wewe si unapenda kupunguza vitu?"

Hilo hakulivumilia. Akapanda hadi kwa mkurugenzi, akasimama bila kukaribishwa kiti.

"Bosi, mimi sikuondolewa kipanya nikawa hodari. Nilifundishwa. Na aliyenifundisha ni mpokea simu."

"Yule asiyeona?"

"Huyo huyo. Mwite awafundishe, au warudishie watu vitu vyao."

Mkurugenzi akachagua kufundisha, kwa sababu kurudisha kungemaanisha waraka mwingine. Jumatano ukumbi ukajaa. Wifi akasimama mbele, akawaamuru wazime vioo, na manung'uniko yalipozidi akawaambia kwamba yeye amekaa na kioo kilichozimwa miaka hamsini na moja na simu zao zote zimefika. Bi Mashine alizunguka katikati ya viti, anawasogeza vidole. Baada ya Jumatano nne maabara walikuwa wanaruka juu na chini ya orodha zao kama panzi. Mkuu wa masjala peke yake ndiye hakuweza. Akaleta barua ya daktari kwamba kidole chake cha shahada kinadhoofika kisipobofya, akarudishiwa kipanya kwa sababu za kiafya.

Mwishoni vikatolewa vyeti. Cha wifi kililetwa chumba cha simu ndani ya fremu, na Bi Mashine alikuwepo.

"Nisomee," wifi akasema, anapapasa kioo cha fremu.

Bi Mashine akakisoma kimoyomoyo, akakohoa.

"Usinionee huruma. Soma kama kilivyo."

"Inathibitishwa kwamba aliyetajwa hapo juu amehudhuria mafunzo ya kibodi na kufuzu kwa kiwango cha wastani."

"Nimehudhuria?"

"Umehudhuria."

"Wastani?"

"Wastani, wifi. Na mwalimu mkuu, hapa chini pameandikwa, ni mkurugenzi."

Wifi akaanza kutikisika mabega kwa kicheko kisicho na sauti, Bi Mashine akashika ukuta, wakawa wanafutana machozi kwa kitambaa kimoja. Simu ikaita. Wifi akavuta pumzi, akabonyeza.

"Hospitali, habari za asubuhi. Unamtaka mkurugenzi?" Akamgeukia mwenzake, akatabasamu. "Samahani, yuko darasani. Naye anajitahidi, yuko wastani."